Rejeta Nyeusi ya Baba Pacha

3 Machi

Baba Pacha,

Salamu tuziruke, maana nikikusalimia utatafuta mtego uko wapi. Mama wa ustawi wa jamii alisema kila neno kati yetu lipite kwenye karatasi, kwa sababu kwenye simu tunaanza kama watu wazima na kumaliza kama paka, na watoto wanasikia. Basi hii ni karatasi. Anayeileta ni dada yako. Bahasha nimeipaka gundi mara mbili, kwa hiyo ikifika imechanika utajua nani ameisoma kabla yako.

Nina swali moja tu. Ile kompyuta yangu uliyoifungia mfumo wa maji wa kupoza, tulipokuwa bado nyumba moja, uliweka maji gani ndani?

Inazima. Naiwasha asubuhi, naipa picha za kuchora, na kabla chai haijapoa joto la prosesa limefika nyuzi tisini na tisa. Inasukutua kama mtu anayepiga mswaki, halafu kioo kinakuwa cheusi. Jana nilipoteza picha mia nne kwa mpigo mmoja. Nimeipeleka kwa muuza kompyuta wa pale kona, huyu wanayemwita Miwani. Akachungulia mipira yako ya maji na zile klipu za gari, akarudisha mikono mfukoni. Akasema, "Dada, mimi sigusi kitu nisichojua kina nini tumboni. Hii ni kompyuta au trekta?" Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka, kwa aibu yako.

Sitaki ushauri, na sitaki kusikia ulivyohangaika kuifunga. Niambie ni maji gani, basi.

Mama Pacha


7 Machi

Mama Pacha,

Bahasha ilifika nzima. Dada yangu hana haja ya kuifungua, alikaa mbele yangu akanisoma usoni tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Ni maji ya betri. Chupa mbili, na kifuniko kimoja cha dawa ya kijani ya rejeta ya gari ili vyuma visiliwe. Mtu anayetia maji ya bomba kwenye rejeta ni mtu wa kufungwa, na mimi nimekuwa fundi rejeta miaka ishirini, sijawahi kumfanyia mteja ushenzi huo hata yule niliyemchukia. Mwambie Miwani kwamba klipu zile zinashika mpira wa lori lililojaa mawe likipanda mlima. Zitashindwa na kisanduku cha katuni?

Na ushauri utaupata, utake usitake. Hiyo sauti ya kusukutua ni hewa. Hewa haiingii yenyewe kwenye mfumo niliofunga mimi, nilioujaza upepo nikauzamisha kwenye karai na kuutazama nusu saa bila kuona povu hata moja. Kwa hiyo kuna kitu umefanya. Umeisimamishaje hiyo kompyuta? Nakujua wewe, ukihamia mahali unapanga vitu kwa macho.

Watoto hawajambo. Wanatembea nyumba nzima wakiongea kama viboko, eti ni mazoezi ya sinema yako. Mmoja anakoroma kikiboko hata akiombwa kupitisha chumvi. Ukiwafundisha jambo, wafundishe na saa ya kuliacha.

Baba Pacha


14 Machi

Baba Pacha,

Nimeisimamisha kichwa chini. Haya, cheka, halafu ufute machozi uendelee kusoma. Chumba changu kina soketi moja, fundi umeme aliiweka juu karibu na dirisha, na waya wa kompyuta ni mfupi. Nikaigeuza, ikafika. Nani aliniambia mfumo wako una juu na chini? Ungeandika kwenye kasha, kama wanavyoandika kwenye makatoni ya mayai.

Nimeigeuza ikakaa wima, nikanunua waya mrefu. Kusukutua kumekoma. Nakubali ilikuwa hewa, kile kitanki chako kilikuwa kinameza upepo badala ya maji. Umefurahi? Sasa furaha ikuishe: joto bado ni nyuzi tisini na mbili. Ile rejeta yako ya feni moja ilitosha nilipokuwa nachora mabango. Sasa nina kadi ya picha mpya na filamu ya dakika nane, picha elfu kumi na mbili, viboko wanaofundisha watoto hesabu, na kila kiboko ana maji yanayomtiririka mgongoni. Maji hayo ndiyo yanayoiua kompyuta.

Miwani ananishauri nichukue mfumo uliofungwa kiwandani, wa feni tatu, unabandika na kuondoka. Lakini hauingii kwenye kasha hili, nimepima. Kasha jipya maana yake kufungua kila kitu upya, na mimi sina siku za kuchezea. Filamu inatakiwa tarehe thelathini na moja Mei.

Kwa hiyo nakuagiza rejeta ya kutosha kukaa ubavuni mwa kasha hili. Sikuombi kama mtu aliyewahi kulala kitanda kimoja nawe. Naagiza kama mteja anayepita barabarani akaona kibao chako.

Mama Pacha


19 Machi

Mama Pacha,

Kichwa chini. Nimewasomea mafundi wenzangu kipande hicho, gereji ikasimama. Mmoja aliyelala chini ya gari akaomba asomewe tena.

Mteja anayepita barabarani hunisalimia. Lakini haya. Mifumo ya kufungwa kiwandani ni takataka za kupendeza. Huwezi kuongeza maji, huwezi kubadilisha pampu, siku ikichoka unatupa vyote na kununua vingine, ndiyo maana Miwani anazipenda. Mimi nakutengenezea kitu utakachokifungua kwa bisibisi mwenyewe. Nipe vipimo: urefu wa ubavu, upana, na nafasi iliyobaki kutoka ukingo wa kadi ya picha hadi ukuta wa kasha. Pima kwa rula, si kwa kiganja. Angalia pia pampu inaelekea wapi, na lile bamba la shaba juu ya prosesa limekaa sawa au limeinama. Ukilifungua, futa ile grisi ya zamani yote, weka mpya tone moja la ukubwa wa punje ya mchele. Si kijiko. Nakumbuka unavyopaka siagi.

Sasa na mimi nina swali moja. Mama wa ustawi amenitumia karatasi, anasema atakagua upya mwezi wa sita watoto wakae wapi, kwa kuwa "hali ya mama inaweza kubadilika". Hali gani? Ulisema sinema. Hukusema kuna kitu nyuma ya sinema. Unanifanya nikutengenezee ngazi ya kupandia ukutani kwangu?

Baba Pacha


24 Machi

Baba Pacha,

Urefu sentimita thelathini na nane, upana kumi na nne na nusu, nafasi sentimita sita kasoro kidogo. Bamba limekaa sawa. Grisi nimeweka punje ya mchele, na siagi ya kwangu haikuhusu.

Ndiyo. Kuna kitu nyuma ya sinema, na sikukificha, sikuona sababu ya kukuambia. Wenye filamu wakiipokea kwa wakati wananiajiri moja kwa moja. Nikiajiriwa napata nyumba ya vyumba viwili, tayari nimeiona. Mwaka jana mama wa ustawi aliandika kwamba watoto wabaki kwako kwa sababu mimi nina chumba kimoja na kazi ya kubahatisha. Aliandika ukweli, nikameza. Sasa nataka ukweli huo ubadilike. Nataka wanangu. Nimewakosa asubuhi mia tatu na kitu, nimewaona wikendi kama mgeni anayeletewa kiti. Nikichelewesha filamu hii nimewakosa mpaka ukaguzi mwingine, na watakuwa wamefika kimo changu.

Hayo ndiyo yote. Kama huwezi kutengeneza rejeta kwa mikono hiyo hiyo inayonikasirikia, sema sasa nitafute fundi mwingine. Usininyime kwa kuchelewa.

Mama Pacha


6 Aprili

Mpendwa Mama Pacha,

Natumai hujambo na kazi inaendelea vizuri. Sisi huku hatujambo kabisa, watoto wanakusalimu sana.

Pamoja na barua hii pokea rejeta uliyoagiza. Nimeitengeneza kwa vipimo vyako, ya feni tatu, nimeipaka rangi nyeusi ili ipendeze na kasha lako. Suala la bei tafadhali usilifikirie, hayo ni mambo madogo kati ya watu waliozaa pamoja.

Kuhusu maji, safari hii usihangaike kutafuta maji ya betri wala dawa. Ndani nimepitisha rangi ya kulinda, kwa hiyo maji ya bomba yanatosha kabisa. Jaza taratibu, acha pampu izunguke kwa muda bila kuipa kompyuta kazi, hewa itoke. Basi.

Nakutakia mafanikio katika filamu yako. Ukipata tatizo lolote tafadhali usisite kuniandikia.

Wako,
Baba Pacha


12 Aprili

Baba Pacha,

Nimeisoma barua yako mara tatu, halafu nikamuuliza dada yako kama unaumwa. Miaka kumi na moja hujawahi kuniandikia "tafadhali". Hata barua ya posa ulianza na "Sikiliza". Dada yako akasema huumwi, ila huli vizuri na ukiulizwa jambo unatoka nje.

Rejeta nimeifunga. Nyuzi sitini na tatu. Sitini na tatu, kompyuta ikifanya kazi mchana kutwa, feni hazisikiki! Nilibaki nimeikodolea macho ile namba kama mtu aliyepewa mtoto kumshika. Kwa siku moja imechora picha mia tatu na tisini bila kukwama. Maji niliweka ya bomba kama ulivyosema. Mkono ulisita, nikakumbuka ulivyosema mwanzo kwamba mtu wa namna hiyo afungwe. Lakini nikasema, anayejua ni yeye.

Nitakuandikia jambo ambalo sitalirudia. Wewe ni mgomvi, unasema uongo kwa wepesi, uliniambia uko gereji wakati uko kwingine, na sijasahau hata siku moja kati ya hizo. Lakini gari halijawahi kurudi kwako kwa kosa lile lile. Kinywa chako sikuwahi kukiamini, mikono yako niliiamini siku zote. Nashukuru kwa rejeta.

Haya, usivimbe kichwa.

Mama Pacha


10 Mei

Baba Pacha,

Nakuandikia haraka, dada yako anasubiri mlangoni na kiatu kimoja mguuni.

Joto linapanda. Wiki iliyopita sabini, juzi themanini na moja, leo tisini na nne, na kompyuta imezima mara mbili. Maji kwenye kitanki yamekuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Bado picha elfu tatu na mia sita. Zimebaki wiki tatu.

Nadhani kosa ni langu. Labda klipu sikukaza, labda nilipojaza nilitumia ndoo yenye sabuni, nimejaribu kukumbuka nimeshindwa. Labda grisi. Nimekaa hapa najilaumu tangu asubuhi, na wewe unajua kujilaumu si kazi ninayoiweza. Niambie nimekosea wapi. Andika kwa ukali unavyotaka, nicheke, wasomee wote gereji, sijali. Niambie tu nifanye nini, nakuomba.

Mama Pacha


13 Mei

Mama Pacha,

Zima hiyo kompyuta. Toa maji yote. Usiiwashe tena na rejeta hiyo.

Hujakosea kitu. Rejeta ni ya alumini. Bamba lako ni la shaba, nililichagua mimi, najua ni la shaba. Vyuma hivyo viwili ukiviweka kwenye maji mamoja kimoja kinakula kingine, na maji ya bomba ya kwenu yana chumvi, ndiyo yanaharakisha. Hiyo rangi ya ndani haipo. Rangi ya nje niliipaka ili usione. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza gerejini kwangu anajua hili, na nilijua nilipokuwa naikata.

Ya shaba ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeimaliza, nimeizamisha kwenye karai, safi. Jioni ile mmoja wa pacha aliniuliza kama nyumba mpya ya mama ina mahali pa kuweka baiskeli. Mwenzake akamkanyaga mguu chini ya meza. Kumbe wameshapanga nani alale upande gani, na wameambiana wasiniambie, wasije wakaniumiza. Wananihurumia! Watoto wa miaka tisa. Niliwatazama wakila, nikaona nyumba bila wao, na viatu vyangu peke yake mlangoni. Asubuhi nikaiacha ile ya shaba juu ya kabati nikakata alumini.

Nilihesabu kwamba itakufa katikati ya Mei. Imekufa katikati ya Mei. Kazi yangu hairudi kwa kosa, kama ulivyosema.

Tangu usome ile barua yangu ya adabu mpaka leo sijalala usingizi wa mtu. Ulipoandika kuhusu mikono yangu nilitaka kuja mbio siku ile ile. Sikuja. Nikasema pengine itadumu. Ulipoandika kwamba unajilaumu ndiyo nimeshindwa.

Ile ya shaba ninayo, nitaileta mwenyewe kesho na kuifunga kwa saa mbili. Bado sitaki uwachukue, sitakudanganya kwa hilo. Ila nakuomba kimoja, mama wa ustawi asilijue hili. Nitawapoteza kabisa.

Baba Pacha


14 Mei

Usije. Ukionekana kwenye barabara yangu nitapiga kelele mpaka watoke majirani, na nitawaambia sababu.

Nimelifungua lile bamba. Ndani kumejaa uji mweupe. Nimeutoa kwa kijiti cha meno, mfereji baada ya mfereji, huku nikilia, na sikulia kwa sababu ya filamu.

Usiniandikie.


9 Juni

Baba Pacha,

Barua zako tatu za mwezi uliopita nimezipata. Sikuzijibu kwa sababu nilikuwa na kazi, na kwa sababu kila nilipoanza kujibu kalamu ilitoboa karatasi.

Filamu niliikabidhi tarehe ishirini na tisa Mei. Siku ile ile niliyokukataza nilikwenda kwa Miwani nikamweleza yote, mbele ya wateja, bila kukuficha. Hakucheka. Alifungua ule mfumo uliofungwa kiwandani, takataka ya kupendeza, akasema nitumie kwanza. Haukuingia kwenye kasha, kama nilivyojua. Tukang'oa ubavu wa kasha, tukaisimamisha rejeta yake nje juu ya matofali mawili, mipira ikapita hewani. Ilionekana kama mgonjwa aliyewekewa dripu. Nyuzi sabini na moja. Niliiwekea uzio wa viti nisije nikaikwaa, nikachora kwa siku kumi na nne, nikipunguza maji migongoni mwa viboko kila nilipoona saa zinanipita. Wenye filamu hawakutambua hata tone lililopungua. Barua ya ajira ninayo. Funguo za ile nyumba ninazo.

Mama wa ustawi alikuja jana Alhamisi. Alizunguka vyumba vyote viwili, akafungua maji jikoni, akakaa kwenye kasha la vitabu maana viti bado havijaja. Barua yako ya tarehe kumi na tatu ilikuwa kwenye mkoba wangu, miguuni pangu, nimeikunja mara nne. Aliniuliza, "Kuna lolote kuhusu baba yao ambalo ingefaa nilijue kabla sijaandika?" Nilisogeza mkoba nyuma kwa kisigino. Nikamwambia, "Hakuna."

Usifurahi. Sikukusitiri wewe. Ningeitoa ile barua angewakataza kulala kwako, na wangelia wao, kwa kosa wasilolifanya. Nakuchukia kuliko nilivyokuchukia tulipoachana. Wakati ule nilijua bado kuna upande mmoja wako ambao mtu anaweza kuegemea. Ulipowaona watoto wanakuhurumia ungeweza kuniandikia hivyo tu, kwamba unaogopa nyumba bila wao. Ningeielewa hofu hiyo kuliko mtu yeyote duniani, nimeishi ndani yake mwaka mzima, wewe ukiwa ndiye uliyenifungia humo. Ukachagua kupaka rangi.

Wanahamia kwangu mwisho wa mwezi. Kwako watakuja kila Jumamosi ya pili na kulala.

Limebaki moja. Nilipolifungua lile bamba walikuwepo, walikuwa wamekuja kurekodi sauti za mwisho. Waliuona ule uji, wakaiona rejeta imekaa sakafuni. Wakaniuliza, "Si baba ndiye aliyetengeneza? Sasa mbona imeharibika?" Tangu siku hiyo wameniuliza kila wanapokuja, na nimekuwa nikiwazungusha na kuwakataza wasikuulize. Wiki hii ya likizo wako kwangu, na jana baada ya kumdanganya mama wa ustawi sikuwa na nguvu za kudanganya tena. Nikawaambia wakuulize wewe.

Wanarudi kwako Jumamosi hii saa nne asubuhi. Wamejitolea kuibeba ile rejeta wenyewe, wameifunga kwenye taulo ili isikwaruzike, kila mmoja atashika upande wake. Wanasema kuna mtu amekudanganya akakuuzia chuma kibovu, na baba akikiona tu atajua ni nani.

Mama Pacha